Nati za Pijo ya Mzee arap Maiyo

"Nilisema uniletee gari, sikusema uniletee maiti," Phineas alisema akiwa chini ya Pijo, miguu tu ikionekana. "Nani ametafuna hizi nati za ekzosi?"

"Ni mimi, Fundi," Kimeli akajibu. "Nilijaribu kuzifungua nyumbani."

"Na nini? Meno?"

"Spana ya plau."

Phineas akatoka chini polepole, akamwangalia kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. Huko mashambani spana ya plau ilifungua kila kitu, plau yenyewe hadi kitanda. Lakini kwa nati za gari ilikuwa kubwa kidogo, na hicho kidogo kilikuwa kimezimaliza kona zote. Tena zilikuwa zimejaa kutu, kwa sababu mzungu aliyeiuza hiyo Pijo alikuwa akiilaza zizini pamoja na ng'ombe.

Mimi nilikuwa nauza chai kando ya plot ya Phineas ya kutengenezea magari, kwa hivyo malalamiko yake niliyasikia kutwa. Alikuja Eldoret kutoka Maragoli kabla ya uhuru, akajifunza kazi chini ya malori ya wazungu. Wazungu walipouza mashamba na kwenda zao, watu wengine wakayanunua. Yeye akarithi kutu. Watu walimwita mkorofi, lakini sikuwahi kuona akimdanganya mtu. Kulalamika kulikuwa sehemu ya kazi. Akinyamaza, hapo ndipo ungejua gari ni mbaya kweli.

Siku hiyo akanyamaza.

Mzee arap Maiyo, baba yake Kimeli, alikuwa kwa benchi langu akikohoa. Kesho yake asubuhi, shamba alilonunua kwa hisa na wenzake, ng'ambo ya Soy, lilikuwa ligawanywe kwa kura. Mwenye jina achukue karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Asiyefika angepewa mabaki, na mabaki yalikuwa kinamasi. Basi liliishia sokoni Soy, na kutoka hapo kwa miguu kifua cha Mzee kisingefika. Ndani ya Pijo nako, moshi wa ekzosi iliyotoboka ungemmaliza njiani.

"Bolti ikikatikia kwa injini, gari inalala hapa wiki nzima," Phineas akasema mwishowe.

"Na kesho?" Kimeli akauliza.

"Kesho mtalima kinamasi. Mtavuna vyura."

Hata Mzee alicheka, akakohoa tena.

Phineas akachukua tupa, akazichonga nati hadi zikapata kona mpya, akagongea spana ndogo juu yake. Zikakataa. Mafuta taa alikuwa amezimwagia tangu asubuhi, hayakuingia. Akayapangusa, akawasha taa yake ya kuchomea, akapasha nati moja mpaka ikawa nyekundu.

"Mama, una mshumaa?" akaniuliza. "Nta ikiyeyuka kwa nati moto, inaingia mahali mafuta yamekataa."

Sikuwa nao. Mzee akafungua pembe ya blanketi alilojitanda, akatoa bonge la nta ya nyuki.

"Hii ni ya kupaka mzinga wangu wa kwanza kwa hilo shamba, nyuki wavutwe waingie," akasema. "Chukua. Bila shamba nitatundika mzinga wapi?"

"Nitakurudishia, Mzee," Phineas akasema.

Nta ikatoa moshi, ikanyonywa ndani. Phineas akafungua kidogo, akafunga kidogo, akafungua tena, bila kulazimisha, akiitukana nati kwa Kimaragoli. Ikalia, ikatoka. Zingine zikafuata, bolti zote nzima. Kabla ya jua kuzama bomba jipya la ekzosi lilikuwa limefungwa, na Kimeli akamlipa ujira wake hapo hapo.

Asubuhi Mzee alifika, akachukua karatasi mwenyewe. Akapata mteremko mzuri, juu kabisa ya kinamasi.

Miezi ilipita. Jumapili moja Phineas akafunga bonge la nta kwa gazeti, akapanda basi hadi Soy, akatembea mpaka shambani. Aliniambia mwenyewe aliporudi, akilalamika juu ya viatu vyake.

Mzee aliinusa ile nta.

"Umenunua dukani," akasema. "Inanuka sabuni. Nyuki wangenihama."

"Mzee, nimetembea na hii kitu kutoka Soy."

"Nyuki wangu waliingia bila mzinga kupakwa nta. Hiyo rudi nayo, una nati zingine." Akamsogezea kiti na sahani ya asali. "Sikudai kitu. Kaa ukule."