Mwaka Tulioongezewa Mshahara

Vita vilikuwa vimekwisha, na Kilindini meli zilikuwa zikingojana kuingia gatini. Mume wangu alikuwa kuli. Alirudi Changamwe jioni mabega yamechubuka kwa magunia, akisema hajapata kuona shehena kama ile. Mimi nilifurahi. Nilidhani bandari ikijaa, na chungu chetu kitajaa.

Binti yetu tulikuwa tumemwacha Rabai kwa mama mkwe, maana chumba chetu cha kupanga kilienea kitanda na mafiga tu, na unga ulikuwa hautufikishi mwisho wa mwezi. Basi makuli walipogoma wakaongezewa mshahara, mume wangu aliniambia kabla hata hajavuka kizingiti, "Nenda kamchukue mtoto."

Nikaenda. Nilimkuta amerefuka. Alinipa shikamoo kama anayemwamkia mgeni, kisha akajificha nyuma ya bibi yake. Nilimleta mjini akilia njia nzima.

Hakuwa hata amezoea kulala kwetu, mwenye nyumba akaja. Alikuwa mjane, mtu mwema. Mwezi wa Ramadhani alituletea futari, ingawa sisi ni Wakristo. Siku hiyo alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akainamisha uso.

"Mwanangu, kodi itabidi niipandishe."

"Kwani tumekukosea nini, mama?"

"Hamjanikosea, wallahi. Unga umepanda, makuti yamepanda, hata muuza maji amepandisha bei ya debe. Nikiuliza sababu, naambiwa watu wa bandarini siku hizi wana pesa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Watu wenyewe ndio sisi, na jioni ile nilikuwa sijui nitapika nini.

Nilipomweleza mume wangu, aliniuliza:

"Nimeongezewa, sikuongezewa?"

"Umeongezewa."

"Sasa imekwenda wapi?"

Binti yetu alitutazama mmoja baada ya mwingine, akidhani tunagombana.

Hatukumrudisha Rabai. Tulihama sisi, tukajenga kibanda cha udongo upande wa Miritini, kwenye shamba la jamaa yake mume wangu. Nikalima muhogo na kunde, na yeye akawa anatoka alfajiri kwa miguu kwenda bandarini. Tulishiba. Lakini tulishiba kwa jembe, jembe lile lile nililolikimbia nilipoolewa na mtu wa mjini.

Mama mkwe alipokuja kututembelea alizunguka shambani, akaniuliza, "Mwanangu kafukuzwa kazi?"

"La, mama. Kaongezewa mshahara."

Akaniangalia kama niliyepandwa na homa. Nilijaribu kumweleza habari za kodi, na unga, na maji, na kila nilipofika katikati nilipotea, nikaanza upya. Mwisho akachukua kapu, akaniambia twende tukachume kunde kabla jua halijawa kali.