Nilitangaza tairi zipo, nikataka kukanusha, kanusho ndilo likaniponza

Wakuu, salaam kwenu nyote. Hili lilinikuta mwenyewe, na sina haja ya kulitia chumvi, lilikuja nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa na duka la vipuri vya baiskeli Tunduma. Mimi ni mtu wa Kigoma, kule nilifuata biashara.

Wakati ule tairi ya baiskeli ilikuwa kitu cha kuombea dua. Nikapata mgao wa tairi kumi na mbili, kihalali kabisa. Badala ya kunyamaza kama watu wenye akili, nikapeleka tangazo kwenye jarida la wafanyabiashara: "Tairi za baiskeli zipo. Karibuni wote."

Mwenye jarida, Bwana Silwimba, alikuwa na mashine moja ya kudurufu na msimamo usiopinda. Tangazo likishapigwa chapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, halibadilishwi, maana stensili zilikuwa adimu kuliko hizo tairi.

Langu alilipiga siku hiyohiyo. Kisha karatasi zikakosekana.

Tairi ziliisha ndani ya wiki. Jarida lilitoka baada ya miezi mitano.

Asubuhi moja nakuta watu wamejaa barazani. Mzee mmoja katoka kijijini Ihanda na gurudumu tupu begani. Nikamwambia zimeisha zamani.

"Mwanangu, usinifiche," akasema taratibu. "Karatasi ya juzi inasema zipo."

Nilimwonea huruma na aibu ikanishika, lakini tairi sina. Kufika Ijumaa mji mzima unajua mimi, Hamisi, naficha bidhaa. Mnaokumbuka misako ya walanguzi mnajua neno hilo lilivyotosha kummaliza mtu.

Afisa biashara akaja, akapekua mpaka chini ya kitanda, hakuona kitu. Kwake huo ndio ukawa ushahidi kwamba nimezificha vizuri. Akasema nisipojieleza, leseni anaichukua. Na duka lile ndilo lililokuwa likilisha wanangu wanne.

Nikamkimbilia Silwimba. "Ndugu Mhariri, kanusha."

"Ndugu Hamisi, siku unaniletea tangazo, tairi zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Sasa nikanushe nini?"

Tulibishana wiki mbili, ndugu kwa ndugu, mpaka tukaacha kusalimiana. Mwisho nikavuka mpaka, nikatafuta stensili mwenyewe upande wa Zambia, nikamwekea mezani. Akalainika. Akachapa ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa: TAIRI ZA BAISKELI HAZIPO.

Nikapata usingizi siku tatu. Ya nne tukaitwa wote wawili ofisini kwa afisa. Jarida liko mezani.

"Nani amewatuma kuitangazia nchi kwamba bidhaa hakuna?"

Silwimba akakohoa kidogo, akasema kwa adabu zote, "Ndugu Afisa, tunaweza kutoa masahihisho."

Wakuu, nilimshika mkono mbele ya afisa nikamwomba kwa jina la Mungu asitoe chochote.

Leseni niliondoka nayo, ila baada ya kusaini karatasi kwamba sitatangaza tena kilichopo wala kisichopo.

Nilichojifunza: tangazo lina nguvu kweli. Nyie mnaolalamika siku hizi kwamba mnatangaza mitandaoni na hakuna anayekuja, shukuruni. Kwangu walikuja wote, na afisa wao.

Aliyefanya biashara miaka ile aweke yake hapa chini. Na anayeona Silwimba alikuwa sahihi aseme tu, nimeshazoea.