Abee ya Mama

Mtaa mzima wa Tandika ulimwita mama yangu Mama Anastasia, kwa sababu Anastasia ni mimi. Kwenye kantini ya kiwanda alikokuwa akipika, aliitwa Ndugu Mpishi. Balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye kwake hata mbuzi ni ndugu, alimwita Ndugu Mama Anastasia. Jina lake lenyewe, Yuliana, lilikuwa limebaki kinywani mwa baba tu, naye alilifupisha likawa Yuli. Baba, Gregori, mchonga vinyago, alifariki mwaka sabini na sita, nami ningali mdogo. Tangu hapo hakuna aliyemwita mama kwa jina.

Isipokuwa kaseti. Marselino, rafiki wa baba, alikuja siku moja kuringia redio kaseti yake mpya, akabonyeza kitufe cha kurekodi bila kumwambia mtu, baba akiwa barazani anachonga. Baada ya msiba akamletea mama kaseti ile. Mama alihangaika mpaka akapata redio kaseti yake mwenyewe, kuukuu, na kila Jumapili tukitoka kanisani tulikaa kumsikiliza baba.

Kisha mashine ikaanza kuyumba. Baba anaanza kuongea kama mlevi, katikati anageuka kasuku, mwisho anazama kabisa. Hata siku ya mazishi sikumwona mama akilia vile.

Mimi mafundi redio siwaamini. Ukimpelekea kitu kinachokohoa anakurudishia bubu. Lakini mama alitaka, basi tukaenda kwenye kibanda cha Theonest, kijana wa Bukoba, karibu na soko la Temeke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nirudishie mume wangu."

Theonest hakucheka. Alifungua mashine, akachungulia weee, kisha akatuonyesha kikopo kidogo cha bati chenye miguu miwili, kimevimba.

"Mota ni nzima, mama. Imekufa kapasita." Akaeleza kwamba kuna mtambo mdogo unaolinda mwendo wa mota, lakini umeme unaoufikia hauji sawasawa, unapanda na kushuka. Kapasita huweka akiba, ukipungua inatoa. "Kama mtungi wako wa maji. Bomba likikatika, wewe unaendelea kupika. Huu mtungi umekauka, ndiyo maana mota inakimbia na kusinzia."

Kapasita mpya utaipata wapi, mwaka ambao hata sabuni ni ya foleni? Aling'oa moja kwenye redio iliyokufa, akaichomelea yetu. Akajaribu kwa kaseti ya dansi. Muziki ukaenda umenyooka. Nikaanza kuwasamehe mafundi. Ndipo akaweka kaseti yetu, na baba akatoka na kisauti chembamba cha mtoto wa kwaya.

"Siye huyu," mama alisema.

Theonest akakuna kichwa, akatuuliza nani aliirekodi. Mashine ya Marselino, alisema, huenda ilirekodi betri zake zikiwa zimechoka, mwendo ukawa wa polepole. Ya kwetu nayo ilikuwa mvivu, kwa hiyo zilielewana. Sasa hii inatembea inavyotakiwa, na baba anakimbia.

"Kuna skrubu hapa nyuma ya mota. Nitaizungusha taratibu. Akifika, niambie."

Akazungusha. "Huyo kaka yake," mama alisema. Akarudisha kidogo. "Labda." Akashusha tena. "Labda." Halafu mama akanigeukia. "Sijui tena, Anastasia. Nimemsahau."

Nilimkasirikia Theonest, nikaikasirikia skrubu, nikamkasirikia baba aliyekufa kabla sijaishika sauti yake vizuri, ili leo nimsaidie mama kukumbuka.

Theonest aliisikiliza kaseti tena. Baba anaita, "Yuli," na mwanamke anaitika, "Abee."

"Huyu anayeitika ni nani?"

"Mimi."

"Basi mama, itika hivyo hivyo. Nitakulinganisha wewe na wewe. Wewe ukikaa sawa, na yeye atakuwa sawa."

Mama akatikisa kichwa. "Abee haiji hivi hivi, baba. Mtu anaitwa kwanza."

Theonest akainamisha macho. Kumwita kwa jina mtu wa umri wa mama yake asingeweza, na mimi ndiyo kabisa.

"Basi ataita mwenyewe," akasema, akarudisha utepe nyuma.

"Yuli," baba aliita kwa sauti isiyo yake.

"Abee," mama aliitika, na ile abee ya kaseti ikafuata, nyembamba. Theonest akagusa skrubu, akarudisha utepe. Baba akaita, mama akaitika. Akagusa tena. Nimeishi na mama maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia akiitika namna ile, laini, kama mwari. Mara abee zote mbili zikatoka pamoja, nikashindwa kujua ipi ni ya mashine. Theonest akaweka bisibisi chini.

Akaturudishia mwanzo, akaiacha iende.

"Yuli." Sauti ilikuwa nzito, ina mikwaruzo kidogo. Mama akashika meza. Safari hii iliitika kaseti peke yake.

"Niletee maji, koo limekauka."

Maneno hayo tulikuwa tumeyasikia Jumapili nyingi. Lakini mama alisimama, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Alikuwa ameshafika mlangoni ndipo akakumbuka.