Ua wa Mizimu

Nilipokuwa mtoto kule Kibamba, enzi za Mwingereza, sikuogopa simba wala askari. Niliogopa kichaka kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu. Kilikuwa kichaka cha mizimu, na ng'ambo yake lilianza bonde la nyasi lisilo na mwisho.

Kila masika yalipokwisha, nyasi zikiwa bado na ubichi, bibi mzaa mama alichoma ukanda wa nyasi kukizunguka kichaka kile, upana wa hatua kumi. Moto wa wakati huo ni mpole, ukiupiga kwa tawi bichi unazimika. Kazi hiyo aliiita kuwapa mizimu ua. "Wasipopata ua wao," alisema, "watakuja kukaa kwenye wetu."

Mwaka ambao mama alikuwa mjamzito, bibi aliniita. "Mke mwenzangu, safari hii na wewe utachoma. Upande wa bondeni ni wako."

Nilichoma vizuri tu, mpaka karibu na mwisho, kitu kikachakarisha majani ndani ya kichaka. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mtoto akichungulia mle ataitwa kwa jina lake. Sikungoja kuitwa. Niliuzima moto wangu harakaharaka nikatoka mbio, nikaacha pengo ambalo ng'ombe watatu wangepita sambamba.

"Umemaliza?" bibi akauliza.

"Nimemaliza, bibi."

Akanitazama miguu, kisha uso.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi mitatu. Kiangazi kilikuwa kimekaza, mama ana mtoto wa siku nne, tulipoona moshi bondeni mchana. Nadhani ni moto wa warina asali uliowashinda. Upepo ukauelekeza kwetu. Kichaka kikishika, cheche zingeruka hadi kwenye makuti ya paa letu, na mama hata kusimama alikuwa hajaweza vizuri.

"Mchukue mtoto ukimbie!" mama akanipigia kelele.

Sikumchukua. Nilikwenda kuanguka miguuni pa bibi. "Bibi, niliacha pengo! Kule bondeni niliacha pengo!"

"Najua," alisema. "Inuka twende ukaone."

Akanikamata mkono. Tulisimama kando ya kichaka tukiutazama moto ukija kwa kishindo. Ulipofika kwenye ukanda wetu ulikosa cha kula, ukahangaika, ukafa. Pale pangu pia ulikufa. Hapakuwa na pengo. Palikwisha kuchomwa zamani, na vijani vifupi vilikuwa vimeota.

"Nani alipachoma, bibi?"

"Mizimu," alijibu, uso mkavu. Lakini khanga yake ya shambani ilikuwa na tundu la moto kwenye pindo.

Nililia kwa furaha, na mdogo wangu akaitwa Salama. Angeweza kunichapa, bibi yangu yule, na ningestahili. Badala yake alirudi peke yake akanimalizia kazi, akaniachia aibu yangu niitoe mwenyewe.

Mwaka uliofuata alipita Mzungu wa misitu na karani wake. Alikisifu sana kichaka. Karani akatufasiria: msitu huu haujapata kuguswa na mkono wa mtu. Bibi aliinamisha kichwa kwa adabu, huku akinifinya.

Sasa ni mzee. Kila nikisikia watu wakisema kwamba msitu fulani umejiotea tu, nahisi vidole vya bibi mkononi mwangu, vikinizuia nisicheke.