Maiki Iliyofungwa kwa Ngozi

Nimekuwa msomaji wa somo la kwanza katika kanisa letu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kanisa liko kijijini, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Bariadi mjini. Kazi hiyo nilipewa niliporudi kutoka chuo cha uinjilisti, na katika miaka yote sijaomba kazi nyingine. Wapo waliopewa kuhubiri na wapo waliopewa kuimba. Mimi nilipewa kusoma, nami ninashukuru.

Uzee ulipokuja ulianza na macho, kisha ukafuata mikono. Siku hizi kitabu lazima kije karibu na pua, na kwa kuwa mikono inatetemeka, ninakishika kwa mikono yote miwili. Kwa hiyo maiki siwezi kuishika. Inabidi isimame yenyewe kwenye stendi. Shida ilikuwa hapo, maana kile kishikio cha plastiki kinachoibana maiki juu ya stendi kilikuwa kimepasuka.

Mwanzoni maiki haikuwa inaanguka, ilikuwa inainama. Nikianza somo iko mdomoni. Nikifika mstari wa tatu iko kidevuni, na mstari wa sita inasikiliza vifungo vya shati. Nami nikawa naifuata. Jumapili moja nilimaliza somo nikiwa nimekunja mgongo kabisa, na tulipotoka nje mke wangu akaniuliza, "Leo ulikuwa unasoma au unapalilia?"

Tulicheka sana njiani. Lakini Jumapili iliyofuata kishikio kiliachia kabisa katikati ya somo. Maiki iligonga mimbari, spika zikapiga ukelele, watoto wachanga wote wakaanza kulia kwa pamoja. Baada ya ibada mchungaji aliniita pembeni. Ni mtu mpole, umri wake ni wa mwanangu.

"Baba," alisema, "nimefikiri tukupumzishe. Wapo vijana wanaoweza kushika maiki mkononi wakasoma. Wewe ukae kiti cha mbele utubariki."

Sikukasirika, kwa sababu alisema kwa upendo. Lakini nilijisikia kama maksai aliyefunguliwa nira wakati shamba bado.

"Mchungaji," nikamwambia, "mbovu hapa ni plastiki. Mzee bado yupo. Nipe hadi Jumapili ya mavuno. Siku hiyo maiki ikiinama, nitakaa mbele nibariki."

Alicheka, akanipa mkono. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Wiki ya kwanza nilifunga kishikio kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ule wa ndani, tunaofungia mizigo. Maiki haikuinama, ila ilianza kutikisa kichwa kama mjusi kila nilipotamka neno lenye nguvu. Wiki ya pili nilikwenda Bariadi nikapata kishikio kipya. Muuzaji alikisifu sana. "Hiki kinaingia maiki zote, mzee wangu." Ni kweli kiliingia kwenye stendi, na maiki yetu ikaingia pia, ikapitiliza na kutokea upande wa pili. Nilipomrudishia aliniambia tatizo ni maiki yetu, imekonda.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Mke wangu alikuwa anaanika michembe ya viazi vitamu uani. Aliniangalia kidogo, akasema, "Mpini wa jembe langu ulipopasuka, ulikwenda Bariadi?"

Nilisimama pale pale. Mpini ule niliufunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Kwetu kila mtu anajua kazi hiyo. Ngozi ikiwa na maji inanyooka na kutii, unaizungusha ukivuta kwa nguvu, unaiacha juani. Ikikauka inajikaza yenyewe kuliko waya. Jembe lile bado analima nalo.

Nilikuwa na kipande cha ngozi kikavu kwenye dari. Nikakiloweka usiku kucha, na Ijumaa asubuhi nikaenda nacho kanisani. Nikachukua kile kishikio cha zamani kilichopasuka, nikaiweka maiki ndani yake ili nipate kipimo sahihi, nikazungusha ngozi taratibu huku nikiomba. Kisha nikatoa stendi nje, nikaketi karibu nayo mpaka jua lilipofanya kazi yake.

Jumapili ya mavuno nilifika mapema. Ngozi ilikuwa imekauka ikawa kama pembe. Niliisukuma maiki, haikutikisika. Nikaivuta, haikutoka. Nikaivuta tena kwa nguvu, stendi nzima ikanyanyuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeifungia humo pamoja na kishikio, na ngozi imefunika hata swichi, nayo swichi niliiacha imewashwa.

Kiongozi wa kwaya ndiye aliyenikuta. Ni mama mwenye sauti kubwa, na hajawahi kuimba akiwa amesimama mahali pamoja. Huichomoa maiki na kuzunguka nayo katikati ya mabenchi. Alijaribu kuichomoa, akajaribu tena, akanigeukia.

"Guku," aliniita, kama Wasukuma wanavyomwita babu, "hii umeifunga au umeizika?"

"Leo imba umesimama, mayu," nikamjibu, yaani mama.

"Mimi? Basi nitatembea nayo hivyo hivyo."

Na alitembea nayo. Kwaya yake ilipoitwa, aliitwaa stendi nzima na miguu yake mitatu, akaiweka begani kama mtu anayetoka shamba, akazunguka akiimba huku waliokaa pembeni wakiinamisha vichwa wasigongwe. Alipomaliza aliirudisha mbele yangu akihema. "Shika mtoto wako," akasema, na kwa kuwa swichi ilikuwa haizimiki, kanisa lote likasikia, likacheka.

Nikainuka kusoma. Somo lilikuwa la malimbuko, ni refu. Nilikileta kitabu karibu na pua kwa mikono miwili, na kwa hiyo sikuweza kuiona maiki. Nilikuwa nasikia tu sauti yangu ikitoka kwenye spika. Mstari wa tatu ulipita. Mstari wa sita ulipita. Nilikuwa nasubiri sauti ipungue, nayo haikupungua. Nilisoma mpaka mwisho nimesimama wima, na nilipokishusha kitabu niliiona maiki mbele ya mdomo wangu, pale pale nilipoiacha.

Nikanong'ona, kwa Mungu tu, "Asante Bwana, haikuinama."

Nilikuwa nimesahau swichi. Maneno yale yalitoka ndani ya kanisa, yakatoka kwa spika ya nje, yakawafikia waliokuwa wanafunga mbuzi wa sadaka kwenye mti. Mwanamke mmoja huko nje akajibu kwa sauti, "Amina!" Kanisa lote likamfuata. Mchungaji alivua miwani akafuta machozi ya kicheko.

Baada ya ibada alinijia. "Baba, somo ni lako. Sitaligusa tena. Ila hiyo ngozi uifungue, maana nami nahubiri nikitembea."

Hilo lilikuwa gumu. Ngozi hulegezwa kwa maji, na maiki hailowekwi. Jumatatu ilibidi niikate kwa wembe, polepole, mikono yangu ikitetemeka na mke wangu akinishikilia taa ya simu. Maiki ilitoka salama. Nikaketi na kishikio changu kilichopasuka, sijui nianzie wapi tena.

Mke wangu alikuwa amerudi kupukuchua mahindi. Akaokota gunzi, akalipima kwa macho, akanirushia.

"Funga hilo," alisema. "Gunzi halina swichi."

Nililiweka gunzi ndani ya kishikio, nikazungusha ngozi mbichi, nikaanika. Ilipokauka nikalisukuma gunzi, likabonyea, likatoka. Maiki ikaingia mahali pake ikikwaruza kidogo, ikashika. Ukiivuta inatoka, ukiirudisha inatulia. Kiongozi wa kwaya anazunguka nayo, mchungaji anatembea nayo, na kila mmoja anairudisha.

Jumapili bado nafika mapema. Naichomoa maiki na kuirudisha mara mbili, nahakikisha swichi imezimwa, kisha nakaa nasubiri kuitwa.