Wiki Sita Bila Mkasi

Mafundi cherehani niliowajua katika miji mingi huchelewesha nguo kwa visingizio. Jirani yangu, fundi kama wao, alikuwa na sababu ya kweli: mlango wa kabati ulimvunja kidole gumba cha kulia. Daktari akamfunga plasta, akamkataza kushika mkasi kwa wiki sita.

Kwa hofu ya kupoteza wateja, fundi akampa mkewe mkasi, kisha akasimama nyuma yake akiamuru.

"Taratibu! Pinda kushoto! Unaua kitambaa!"

"Baba watoto, kilichovunjika ni kidole. Mbona mdomo ndio umezidisha kazi?"

Sisi wateja tukacheka. Mimi nilikuwa nimevaa suruali aliyoikata mke huyo, ya kwanza maishani mwangu kunikaa sawa kiunoni.

Plasta ilipotolewa, fundi alizoeza kidole kwa kuminya mpira siku kumi, kisha akaingia dukani na kunyoosha mkono apewe mkasi wake. Mteja mmoja akakikumbatia kitambaa chake cha gauni.

"Samahani, shemeji. Hiki akate dada."

Fundi akatutazama wote. Hakuna aliyemtetea, hata mimi.

"Haya," akasema, akiketi kwenye cherehani. "Lakini kushona nashona mimi!"

"Shona, baba watoto," mkewe akajibu. "Ila fuata chaki yangu."