Mama Aliporudi Ndani

Usiku ule sikulala kwa hiari yangu. Dawa ndizo zilizonilaza. Nilikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, mpira wa hewa puani, mwingine shingoni ukiitoa damu yangu kwenda kusafishwa kwenye mashine, kwa sababu figo zilikuwa zimegoma. Siku ya tetemeko ukuta wa jiko letu uliniangukia mguu wa kushoto, ukaulalia mpaka kesho yake asubuhi, majirani walipofanikiwa kunichomoa.

Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya chini, alinieleza bila kunificha.

"Mama Anitha, nyama za mguu huu zilikufa palepale chini ya ukuta. Sumu yake inaingia kwenye damu. Sisi tunasafisha, mguu unachafua. Turuhusu tuukate."

Nikakataa. Nikasema sikubali mpaka mama aje aniambie mwenyewe. Mama ninayemtaja ni mama mkwe, aliyemzaa mume wangu Deusi. Mama yangu mzazi alifariki ningali mdogo. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika mwiko, na ndiye aliyempokea binti yangu Anitha mikononi siku anazaliwa. Sikuwahi kuamua jambo zito bila yeye.

"Yuko wodi ya chini," Deusi alinijibu kila nilipomuuliza. "Amevunjika mkono tu. Akipata nguvu atapanda kukuona."

Akisema hivyo huangalia chupa ya dripu, mimi haniangalii. Nami niliamini, maana nilitaka kuamini.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Tetemeko lilipoanza, Mama alikuwa nje, anaanua kahawa. Mimi nilikuwa jikoni nimeinamia sufuria. Nikasikia ardhi inanguruma, na sauti yake juu ya ule mngurumo: "Adela, toka!" Miguu ikakataa. Basi akaingia. Nakumbuka mkono wake begani kwangu, halafu vumbi. Baadaye, katika giza la kifusi, akawa ananiita kupitia matofali.

"Adela, upo?"

"Nipo, Mama."

Ananyamaza, kisha anaita tena. Ikafika wakati hakuita. Nikajiambia wamemtoa kwanza.

Basi usiku ule, dawa ziliponizamisha, mlango ukafunguka akaingia.

Hakuvaa koti la wageni wala zile ndala ambazo Sista, muuguzi wa zamu, humlazimisha kila mtu kuvaa. Alikuwa pekupeku, udongo wa migombani umemganda miguuni. Nilitaka kumwambia, Mama, watakufukuza, lakini ulimi ulikuwa mzito. Akaketi kitandani kwangu, na kitanda hakikubonyea.

Mara hatuko hospitali. Tuko uani kwetu, jua la asubuhi, nyumba imesimama nzima, haina hata ufa. Kati yetu kuna ungo wa senene, tunawanyonyoa mabawa na miguu kabla ya kuwakaanga, kama tufanyavyo kila msimu. Vidole vyake vinakwenda mbio kuliko vyangu. Ile mashine ya damu nayo ipo, imesimama kwenye migomba, na hakuna anayeishangaa.

"Mama," namuuliza, "mkono umepona?"

"Mkono haukuvunjika, mwanangu."

Anaendelea kunyonyoa. Mimi vidole vimesimama.

"Deusi amechoka kusema uongo," anasema. "Mpunguzie."

Hapo ndipo nikajua. Sikushtuka. Ilikuwa kama kuambiwa jambo nililolijua tangu kule kifusini, nikawa nalizungukazunguka tu nisilikanyage.

"Wamekuzika wapi?"

"Karibu na baba yenu, upande wa juu. Mvua ilikuwa inanyesha. Anitha alinitupia udongo mara mbili, wa kwake na wa kwako."

Nataka kulia, machozi hayaji. Nauangalia ungo, hauna kitu. Tuko jikoni sasa, na vumbi limesimama hewani, halishuki. Mlango uko wazi nyuma yake, nje kuna mwanga mkali, na mkeka wa kahawa nauona kutoka hapa nilipo.

"Mama, ulikuwa umeshatoka. Kwa nini ulirudi ndani?"

Ananitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Ningebaki nje nifanye nini?"

Anainama, anaweka kiganja juu ya mguu wangu wa kushoto. Kiganja chake nakiona, sikisikii.

"Huu umeshakuja kwetu," anasema. "Waachie."

"Basi nichukue na mimi."

Uso wake ukabadilika. Katika miaka yote ya kukaa naye sikuwahi kumwona amekasirika namna ile.

"Adela! Sikurudi ndani ili tuondoke wote."

Akageuka akaenda zake kuelekea kwenye mwanga. Nilimwita, hakugeuka. Mashine ikaanza kulia, ikalia, ikalia, nami nikafumbua macho. Sista alikuwa ameniinamia akibonyeza vitufe. Dirishani kulishakucha. Deusi alikuwa mlangoni, anafunga kamba za koti la wageni.

"Baba Anitha," nikamwita. "Mama mmemzika karibu na baba, upande wa juu. Mvua ilikuwa inanyesha."

Akaziacha zile kamba.

"Nani amekwambia?"

"Amekuja mwenyewe. Usihangaike tena kunidanganya."

Akakaa chini, palepale sakafuni, akalia kwa sauti mpaka Sista akaenda kufunga mlango. Nadhani alikuwa hajamlilia mama yake. Mazishini alikuwa na wageni wa kupokea, na kwangu alikuwa na uso wa kuuchunga.

Daktari alikuja mbio. Akamwangalia Deusi, akaniangalia mimi. Alikuwa anajua, ndugu walikuwa wamemwomba anyamaze.

"Mama amekuja," nikamwambia. "Amesema mguu muukate."

Wakakata asubuhi ileile. Figo zilichukua muda, lakini zilirudi. Goti halikuokoka, walikata juu yake. Nilipomuuliza daktari baadaye, alisema kwamba siku za mwanzo huenda lingeokoka. Siku hizo mimi nilikuwa namsubiri mtu aliyekwisha zikwa, na watu walionipenda walikuwa wanashauriana waniambie vipi.

Niliporuhusiwa, Anitha alinisindikiza kaburini. Udongo ulikuwa umeshashuka, majani yameanza kuota. Nilisimama kwenye magongo mpaka kwapa zikaniuma, nikamlilia Mama peke yangu, wenzangu wakiwa wameshaanua matanga.